Sukari ya saa kumi alfajiri

Jogoo alikuwa mwekundu, mkubwa, amefungwa miguu kwa kipande cha kitenge. Mama alimlaza kwenye baraza ya wodi, akapiga goti kama wanavyofanya wanawake wa Kisukuma mbele ya mtu wanayemheshimu, akasema, "Daktari, huyu ni wako. Ungekuwa si wewe, mwanangu nisingekuwa naye." Mimi si daktari, ni muuguzi, lakini huku kwetu mwanamume akionekana na nguo nyeupe ni daktari tu, na ukibishana unaonekana unajinyenyekeza. Nilimpokea jogoo kwa mikono miwili. Jumapili tulimla, mimi na mke wangu na wanangu, kwa ugali na mchuzi mzito.

Katika yote niliyoyafanya mwaka ule, huyo jogoo ndiye anayeniamsha usiku. Mengine naweza kuyatafutia sababu: uchache wa watu, zamu ndefu, funguo za watu wengine. Jogoo sina sababu yake.

Ilikuwa Aprili 2019, masika. Hospitali yetu ipo upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, kabla ya kufika kivuko cha Busisi, na sitaitaja, kwa kuwa jengo halina kosa. Mtoto alikuwa wa kiume, miaka mitatu, kilo 12. Aliletwa saa mbili usiku na malaria kali, hajitambui, ameshapata degedege mara mbili nyumbani na mara moja njiani juu ya bodaboda. Wenzangu wa zamu ya usiku walifanya kazi ambayo mpaka leo naionea fahari kwa niaba yao, na faili lilisema hivyo: sindano ya kwanza ya artesuneti, dawa ya malaria, saa mbili na robo, sukari 2.1, akapewa dekstrosi, yaani maji ya sukari, mshipani. Nusu saa baadaye sukari 4.8, saa saba usiku degedege moja fupi, saa kumi alfajiri sukari 5.6. Baada ya mstari huo karatasi ni nyeupe. Kitanda cha pili kulikuwa na mtoto anakata roho, na muuguzi alikuwa mmoja kwa watoto 31.

Mimi nilipokea zamu saa moja na nusu asubuhi.

Hapa inabidi nieleze kitu ambacho wauguzi wanakijua na wasomaji wengine huenda hawakijui. Malaria kali humaliza sukari ya mtoto. Vijidudu vinaila, mwili unaopambana na homa unaila, na mtoto ambaye hajala tangu jana hana akiba: ini lake ni dogo, kilichomo kinakwisha kwa saa chache. Ubongo nao unaitegemea sukari hiyo kuliko chakula kingine chochote. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto wa malaria asiyejitambua apimwe sukari kila baada ya saa nne. Kuanzia saa kumi alfajiri, saa nne zinaangukia saa mbili asubuhi. Saa mbili na robo nilikuwa kando ya kitanda chake nikimchoma artesuneti ya pili, nikasaini, nikaenda kitanda kinachofuata. Mashine ya sukari ilikuwa juu ya toroli ile ile niliyokuwa naisukuma.

Karibu saa nne daktari alipita, akamtazama mtoto anavyopumua kwa kina, akabonyeza kucha ya kidole gumba kuona kama anakunja uso, hakukunja. Akasema, "Huyu aende ng'ambo, na aende sasa hivi." Ng'ambo kwetu maana yake Mwanza, kwenye hospitali kubwa yenye chumba cha watoto mahututi.

Na mimi nikawa ndiye msindikizaji. Nimelifikiria sana neno hili. Mgeni akiaga unamsindikiza mpaka njia panda, mnazungumza, unarudi nyumbani kwako. Hakuna anayekuuliza ulibeba nini. Rufaa zetu zilikuwa hivyo hivyo: gari lipo, dereva yupo, atafutwe mtu ambaye mikono yake iko mitupu akae nyuma na mgonjwa. Hakuna aliyeuliza kama huyo mtu ameshawahi kufundishwa kumtunza mtoto mahututi ndani ya gari linaloruka mashimo. Mimi sikuwa nimefundishwa. Nilikuwa na sifa nyingine: wepesi. Tulikuwa tunahesabu dakika kutoka daktari anaposema neno "rufaa" mpaka gari linapotoka getini, na katika kikao cha mwezi Machi nilitajwa kwa jina, nikapigiwa makofi. Dakika 25. Siku ile nilitaka 20.

Oksijeni niliihesabu vizuri. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu linaonyesha kwamba akili nilikuwa nayo. Mtungi mdogo ulikuwa umejaa, lita 680. Mtoto anatumia lita mbili kwa dakika. 680 kugawa kwa 2 ni dakika 340, saa tano na dakika 40. Nikapakia wa pili wa akiba. Nikakagua mshale wa geji nikiwa nimefungua koki, si imefungwa kama wanavyofanya wengi. Nikaweka ambu, ule mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono, na barakoa ya ukubwa wake, mashine ya kufyonza makohozi, kanula mbili za akiba. Chupa ya dekstrosi iliyokuwa ikidondoka ilikuwa imekwisha, nikatundika Ringa, maji yasiyo na sukari, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mkononi. Kwenye mkoba wa dharura kulikuwa na kichupa kimoja cha dekstrosi ya asilimia 50. Nilikiona. Nilikisogeza pembeni ili ambu ikae sawa.

Kupima sukari nilikumbuka. Nisijifiche nyuma ya usahaulifu. Nilichukua mashine, nikafungua kikopo cha stripi za kupimia, kitupu. Kikopo kipya kilikuwa kabatini, kabati limefungwa, funguo ziko kwa inchaji wa wodi, na inchaji yuko kwenye kikao jengo la utawala, hatua kama 150 kutoka wodini, kwenye mvua. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Nikaangalia saa ya ukutani: dakika 17. Nikairudisha mashine kwenye toroli.

Halafu ikaja fomu ya rufaa. Jina, umri, uzito, joto, mapigo, kupumua, oksijeni, sukari. Nafasi ya sukari ni kijisanduku kidogo, na pembeni yake hakuna mahali pa kuandika saa. Daktari alikuwa amesimama na kalamu anasubiri asaini. Sanduku likiwa tupu ataniuliza, akiniuliza nitakwenda kutafuta funguo, nikienda dakika zitafika 30. Nikaandika 5.6.

Wapo watakaosema hiyo si namba ya uongo, maana kweli iliwahi kupimwa. Mimi mwenyewe nilijiambia hivyo kwa miaka mitatu. Lakini juu ya fomu nilikuwa nimeandika "hali ya mgonjwa wakati wa kuondoka, saa 4:30 asubuhi", na chini yake nikaweka sukari ya saa kumi alfajiri. Ilikuwa na umri wa saa sita na nusu.

Tuliondoka. Dakika 19.

Mpaka Busisi ni kama saa moja na nusu. Mama alikaa mkabala nami, ameushika mguu wa mwanawe, akimsemesha kwa Kisukuma kwa sauti ya chini isiyokatika. Mtoto alikuwa akipumua, kidole kwenye kipimo cha oksijeni kinasoma 96, mapigo juu kidogo. Nilikuwa nimeridhika. Nilimtumia ujumbe mwenzangu wodini: tumetoka kwa 19.

Wakati huo daraja halikuwepo. Ukifika Busisi unangoja kivuko, na ingawa gari la wagonjwa hupewa nafasi ya mbele, nafasi ya mbele haikusaidii kitu kama kivuko kiko Kigongo, gati la upande wa pili, kinapakia mabasi. Tukasimama. Mvua ilikuwa imekatika, jua la saa sita limetoka, mabati ya vibanda yanafuka mvuke. Wauza samaki wa kukaanga wakaja dirishani, wakaona mtungi, wakarudi nyuma. Dereva, mzee mmoja mkarimu sana, akaniletea chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki. Nikaongeza sukari vijiko viwili. Nikainywa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma ya gari, mlango wazi.

Nimekuja kujifunza baadaye kwamba mtoto asiyejitambua, ukikosa mshipa, unaweza kumwekea sukari ya mezani iliyoloweshwa maji chini ya ulimi, kijiko cha chai, na inafanya kazi. Ipo kwenye miongozo. Pale gatini kila kibanda cha chai kilikuwa na bakuli la sukari lenye kifuniko cha kuzuia nyuki.

Mama akasema, "Daktari, mbona anatoka jasho hivi? Na mwili umekuwa wa baridi."

Nikamgusa mtoto paji la uso. Jasho jembamba, la baridi, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Nikasema, "Homa inashuka, mama. Ni dalili nzuri." Mama akashukuru Mungu.

Hata mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili hufundishwa kwamba jasho la baridi kwa mgonjwa asiyejitambua ni sukari mpaka ithibitike vinginevyo. Mama, ambaye hakufundishwa na mtu, aliona kuna kitu, akauliza swali lenyewe hasa. Nami nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua.

Dakika kumi baadaye mdomo ukaanza kucheza, kisha mkono wa kulia, kisha mwili mzima. Malaria ya kichwani, nikasema moyoni, na nikampa dayazepamu kwa njia ya haja kubwa, miligramu sita, sawasawa na kilo zake. Dawa sahihi kwa degedege ambalo silo. Degedege likapungua, halikuisha. Kupumua nako kukapungua. Kipimo kikashuka 88, 81, 74. Tulipokuwa tunapanda kivuko nilikuwa nimeshakamata ambu, na njia nzima ya maji, kama nusu saa, nilikuwa nikimpulizia pumzi kwa mkono, abiria wamezunguka gari, wanawake wengine wanamwombea, kijana mmoja ameinua simu anapiga picha mpaka dereva akamfukuza. Nilihesabu kwa sauti. Viganja viliniuma. Nilijiona shujaa, na watu nao waliniona hivyo. Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo ya dagaa alinifuta jasho kwa kanga yake.

Mkoba wa dharura ulikuwa katikati ya miguu yangu. Mtoto asiyejitambua ambaye huwezi kumpima sukari unamtibu kama mwenye upungufu wa sukari. Hilo nalo lipo kwenye mwongozo, na ukimpa ambaye hakuhitaji hutamdhuru kama ukimnyima anayehitaji. Kwa kilo 12 ni mililita 12 za ile dekstrosi ya asilimia 50, unazichanganya na maji ya sindano mililita 48, unapitisha polepole kwenye mshipa uliokwisha kuwekwa. Kazi ya dakika tano. Mama angeweza kunishikia bomba la sindano.

Tulifika saa nane na dakika kumi. Sista aliyetupokea alikuwa mfupi, mwenye miwani, hana maneno mengi. Nikaanza kueleza kwa kasi: miaka mitatu, malaria kali, degedege, dayazepamu, ambu tangu Busisi. Nikampa fomu. Aliipokea kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiwa tayari na sindano ya kutoboa kidole. Hakuitazama. Tone la damu, stripi, sekunde tano. Mashine haikutoa namba. Ilitoa herufi mbili, L na O, ambazo hutoka sukari ikiwa chini ya pale mashine inapoweza kusoma.

Akaagiza dekstrosi kwa jicho tu, mwenzake akaileta. Ilipoingia, mkono wa kulia wa mtoto uliokuwa ukirukaruka tangu gatini ulitulia juu ya shuka. Dakika chache. Nimeshaona dawa nyingi zikifanya kazi, sijaona iliyonishitaki kama ile.

Ndipo akaisoma fomu. Akavua miwani.

"Kaka, hapa umeandika 5.6. Saa nne na nusu?"

"Ndiyo."

"Ulipima mwenyewe?"

"Nilipima mwenyewe. Ilikuwa 5.6."

Akanitazama kidogo. "Basi imeshuka haraka sana," akasema, akaandika. Najua aliandika kwa sababu nilimwona: sukari wakati wa kuondoka 5.6, wakati wa kufika haisomeki. Kwa namba hizo daktari yeyote angehesabu kwamba mtoto alikaa bila sukari saa moja, pengine mbili. Ukweli ni kwamba hakuna ajuaye. Huenda ilianza kushuka saa moja na nusu asubuhi, nikiwa bado navaa glovu.

Nilirudi na gari lile lile. Kwenye kivuko nilinunua samaki.

Mtoto hakufa. Alikaa ng'ambo wiki tano, akarudi na mguu wa kulia unaoburuta, mkono wa kulia hauna nguvu, na maneno aliyokuwa nayo yamempotea karibu yote. Malaria ya kichwani peke yake inaweza kufanya hayo yote bila msaada wangu. Kila daktari atakwambia hivyo, na wawili wameniambia. Nimejifunza kutoutumia ukweli huo. Ndio huo mama alioupata kama maelezo, na ndio uliomfanya atembee na jogoo kilomita alizotembea kuja kunishukuru mimi niliyempulizia mwanawe pumzi juu ya ziwa.

Miaka mitatu nilinyamaza. Mwaka 2022 tulipelekwa mafunzo ya kusafirisha watoto wachanga. Wakati huo mfumo wa m-mama ulikuwa umezinduliwa kitaifa: unapiga 115 bure, mjamzito au mama aliyejifungua au kichanga anatafutiwa gari, hata la mtu binafsi lililosajiliwa kijijini kama gari la wagonjwa haliko karibu. Ni kitu kizuri, na sisi watu wa ziwani tunajivuna kidogo, maana majaribio yake yalifanyika Sengerema na Shinyanga. Lakini mtoto wa miaka mitatu si kichanga. Yeye anabaki kuwa wa msindikizaji mwenye mikono mitupu.

Mkufunzi aliandika ubaoni neno STABLE kwa herufi kubwa, herufi moja chini ya nyingine. Ni mpango ulioanzishwa Marekani mwaka 1996 na muuguzi wa watoto wachanga, Kristine Karlsen, kuwakumbusha watu mambo sita ya kuyaweka sawa kabla ya kumhamisha mtoto. Akauliza herufi ya kwanza inasimama badala ya nini. Watu wakasema hewa, wakasema joto. Akasema, "Sukari." Nikatoka nje. Nilijifanya nimepigiwa simu.

Tangu siku ile nilianza kusoma habari za timu za kusafirisha watoto mahututi, kama mtu anayesoma hukumu ya kesi yake. London kuna timu iitwayo CATS, iliyoanza kazi mwaka 2001 chini ya hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Hospitali ndogo ikipiga simu, bingwa wa watoto mahututi anaanza kushauri hapo hapo kwenye simu, kabla gari halijawashwa. Kisha wanakwenda daktari na muuguzi waliofundishwa kazi hiyo tu, na mashine ya kupumulia, na pampu za dawa. Kilichonishangaza ni kwamba wakifika hawaondoki. Wanakaa kando ya kitanda, wanapima, wanarekebisha, wanafunga mipira upya, wanapima tena, na wakati mwingine ni saa nzima na zaidi kabla hawajamgusa mtoto kumhamishia kwenye machela. Kwetu wangeitwa wazembe. Kwenye kikao cha mwezi wangeulizwa dakika.

Nilisoma pia habari za Copenhagen mwaka 1952, wakati polio ilipokuwa ikiua watu kwa kukosa pumzi. Daktari wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, alishauri msichana wa miaka 12 atobolewe koo, kisha akampulizia hewa kwa mfuko wa kubana kwa mkono, akanusurika. Baada ya hapo wanafunzi wa udaktari kama 1,500 waliitwa kwa zamu kukaa kando ya wagonjwa wakibana mifuko usiku na mchana. Vyumba vya wagonjwa mahututi vya dunia nzima vinaanzia hapo. Ambu yenyewe ilitengenezwa mji huo huo miaka minne baadaye. Niliisoma habari hiyo nikatazama viganja vyangu. Wale wanafunzi walikuwa wakibana mfuko kwa sababu mgonjwa alikuwa na polio. Mimi nilibana kwa sababu sikutembea hatua 150.

Mwaka huo huo wa 2022 nilikwenda kwa patroni wetu, mkuu wa wauguzi, nikafunga mlango, nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mtoto yuko hai. Yameshapita. Usijiharibie kazi, ndugu yangu, una watoto wanasoma." Nilimshukuru. Ushauri ulikuwa mtamu, nikaukumbatia miaka mitatu mingine. Nilichofanya katika miaka hiyo ni kubadilisha mkoba. Stripi za safari sasa zinakaa humo humo, kikopo chake peke yake, na hazigusi kabati la mtu. Kwenye fomu zetu, kwa kalamu na rula, tumeongeza mstari wa saa pembeni ya kila kipimo. Ubao tuliokuwa tukiandikia dakika za rufaa niliushusha mwenyewe, usiku, bila ruhusa. Hakuna aliyeuliza ulikokwenda.

Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita tatu za zege juu ya maji ambayo tulikuwa tukiyangojea. Gari linavuka kwa dakika chache. Julai nilipanda basi la asubuhi, na nilipopita juu ya lile gati la zamani nikaona sina tena cha kusingizia. Hata kivuko kimeondoka. Nilirudi upande wetu jioni, nikateremka kijijini kwa yule mama.

Mtoto alikuwa na miaka tisa, yuko darasa la pili. Alikuja kunisalimia, "Shikamoo," kwa shida, akiburuta mguu, akaniletea kigoda kwa mkono wa kushoto. Mama alitaka kuchinja kuku. Nikamwomba asichinje kwanza, akae. Nikamweleza stripi, funguo, fomu, namba. Nikamweleza jasho. Hapo ndipo uso ulipobadilika. "Nilikuuliza," akasema. Nikasema, "Uliniuliza, mama." Akakaa kimya muda mrefu, akawa anachora mchangani kwa kijiti. Kisha akauliza swali moja tu.

"Hiyo dawa ya sukari, ilikuwepo garini?"

"Ilikuwepo. Miguuni pangu."

Akainuka, akaingia jikoni, hakutoka. Nilingoja mpaka giza likaingia. Mtoto alinisindikiza mpaka barabarani.

Sijui mama atafanya nini na maneno yangu, na ni yake kuyafanyia atakalo. Amenisikia mbele ya mwanawe, anajua ninapofanyia kazi, na barua yangu yenye maelezo haya haya iko kwa mganga mfawidhi tangu Agosti 2025. Aliyebaki ni mmoja.

Dada uliyetupokea siku ile, Aprili 2019, saa nane na dakika kumi mchana, mfupi, mwenye miwani: kama bado uko kazini na faili lile bado lipo, lisahihishe. Sukari sikuipima. Ile 5.6 ilikuwa ya saa kumi alfajiri, ilipimwa na mwenzangu, na uliponiuliza nilikudanganya.